Riziki huja na upepo, bili huja na mwezi

SWALI

Somo,

Assalaam alaykum na shikamoo. Nina watoto watatu, naishi Lamu, upande wa Langoni. Mume wangu ni nahodha. Ana fungu lake katika jahazi la kutembeza wageni: huwapeleka Manda Toto kuogelea na kuona samaki, huwapeleka Takwa kwenye magofu, na jioni huwapandishia tanga watazame jua likitua. Nyumba tunayokaa ni ya urithi upande wake, kodi hatulipi, na mama mkwe yuko nasi. Mtu akitutazama kutoka nje ataona tumejaaliwa. Ndiyo maana naona haya kuandika.

Disemba mpaka Machi, kaskazi ikivuma na wageni wamejaa, fungu la mume wangu baada ya gharama za chombo huwa kama 50,000 kwa mwezi. Ikiingia Aprili, kusi linaanza, mvua inashuka, wageni wanakwenda zao. Miezi mitatu hiyo akipata 9,000 kwa mwezi ni bahati. Kuanzia Julai mambo hufufuka kidogo, 28,000 hivi kila mwezi mpaka Oktoba. Novemba ni kungoja tu. Mwaka huu twatazamia 20,000.

Nami nina friza. Nauza barafu za ukwaju na mabungo pale mlangoni, shilingi 10 moja. Siku za joto, watoto wa chuo (madrasa) wakitoka, huuza hata 25 kwa siku. Nikiondoa sukari, matunda na mifuko hunibakia 3,100 kwa mwezi, na hizo ndizo zinazoziba nyufa za nyumba bila mume wangu kujua.

Sasa nikwambie ya Mei iliyopita. Usiku wa Jumamosi mita ikaanza kulia. Kutazama, uniti tatu. Mkobani sina kitu, kwenye simu sina kitu, na nahodha siku ya nne jahazi limefungwa, bahari imechafuka. Nikasema zitatufikisha asubuhi. Hazikutufikisha. Alfajiri nimeamka feni imesimama. Nikafungua friza: barafu zote zimerudi maji ya ukwaju ndani ya mifuko, nyingine zimepasuka, chini panananata. Watoto walifurahi, wakanywa mpaka matumbo yakawajaa. Mimi nikakaa kwenye ngazi nikalia. Kisha nikakopa kwa simu, nikanunua tokeni za 500. Tangu siku hiyo ule mkopo haujaisha. Pesa yoyote ikiingia inakatwa kabla sijaigusa, nami nakopa tena. Sasa umefika 6,500. Tena moyo waniuma, maana hili la kukatwa nyongeza kila siku sijui kama si riba.

Nimekaa nikaziandika bili zetu za mwezi. Chakula na duka 13,500. Stima 3,900. Maji 700. Gesi, nikiugawa mtungi mkubwa kwa miezi miwili, 1,600. Ada ya chuo ya wale wadogo wawili 600. Bando na salio 1,000. King'amuzi 1,100. Mchezo wa akina mama, yaani upatu, 3,000. Televisheni tuliyochukua kwa kulipa pole pole, imebaki awamu moja tu ya mwezi huu, 2,500. Mkubwa wetu yuko sekondari ya bweni, karo yake ya mwaka 40,535. Bima ya afya, SHA, tulipimwa tukaambiwa 500 kwa mwezi, nayo yatakiwa ya mwaka mzima kwa pamoja, hatujalipa. Halafu dukani tuna 17,400 daftarini, na kusema kweli nusu yake si yangu. Mama mkwe akijiwa na wageni humtuma mtoto: sukari kilo mbili, maziwa, biskuti, "mwambie aandike kwa nahodha". Nitamwambiaje, naye ni mama?

Mume wangu si mchoyo. Akiwa nazo hutoa, leo 2,000, kesho 3,000, wala haulizi zimekwenda wapi. Akiwa hana hunyamaza, akatoka kukaa barazani na wenzake. Kaskazi iliyopita tulichukua televisheni, tukachangia harusi tatu, na mchezo wangu ulioniangukia Januari, 36,000 zote, ukaishia kwenye makochi mapya.

Kaskazi nyingine iko mlangoni. Je, niuze friza nilipe madeni? Na hizi bili nizipange vipi ili Mei isinikute tena kwenye ngazi?

Mke wa Nahodha, Langoni

JIBU

Marahaba mwanangu, wa alaykum salaam.

Friza usiuze. Nitaifikia, lakini mwisho, kwa sababu hesabu yake ina utamu na nikianza nayo nitasahau mengine.

Ulichofanya cha kuziandika bili moja moja wengi hawafanyi. Huniletea barua za kurasa tatu, machozi mengi, tarakimu hakuna. Wewe umenipa tarakimu, basi nami nitakujibu kwa tarakimu. Chukua kalamu.

Miezi minne ya 50,000 ni 200,000. Mitatu ya 9,000 ni 27,000. Minne ya 28,000 ni 112,000. Ongeza 20,000 za Novemba. Jumla 359,000 kwa mwaka. Igawe kwa 12 upate karibu 29,900. Huo ndio mshahara wa mume wako, mwanangu. Si 50,000, wala si 9,000. Januari mnaishi kama watu wa 50,000, Mei mnaishi kama watu wa 9,000, na katika mwaka mzima hamna mwezi hata mmoja mnaoishi kwa kadiri yenu.

Sisemi haya kwa kukucheka. Mimi niliolewa na mvuvi hapa Malindi, na mwaka wangu wa tano wa ndoa nilitia kabati la vioo na zulia nyumbani kwa pesa za kaskazi. Juni ile ile nikalikunja zulia nikalipeleka kwa jirani ya dada yangu anunue, kwa bei ya kutupa, usiku, ili watu wasinione. Nimelipita mara nyingi barazani kwao zulia lile. Basi najua.

Kosa la nyumba za bahari si ufujaji kama watu wanavyodhani. Kosa ni kwamba stima, maji, chuo na gesi huhesabu kwa mwezi, na pesa huhesabu kwa upepo, na katikati yao hakuna mtu. Mwenye kazi ya ofisi ana mwajiri anayesimama hapo katikati. Hata kazi ikilala Aprili, tarehe ya mshahara haijali. Ninyi mwajiri huyo mtamtengeneza wenyewe.

Hivi: fungu lote la nahodha, kila linapoingia, linakwenda kwenye chungu kimoja. Na kila tarehe 1 chungu kinatoa 25,000, zinakuja kwako, ndizo masurufu ya nyumba. Januari 25,000. Mei 25,000. Novemba 25,000. Nimeacha makusudi kuchukua zile 29,900 zote, kwa sababu kuna vitu visivyohesabu kwa mwezi, na vinavyobaki ndivyo vitakavyovilipa.

Je, zinatosha? Chakula 13,500, maji 700, gesi 1,600, chuo 600, bando 1,000, king'amuzi 1,100, mchezo 3,000. Stima andika 1,800, na usiniulize kwa nini mpaka tufike kwenye friza. Jumla 23,300. Zinabaki 1,700 za michango ya harusi na matanga, na za kununulia madumu ya maji bomba likikauka. Kwenye maji sina ushauri. Ninyi mna visima vya Shela, sisi twangojea bomba la Baricho, na yakikatika wote tunasimama na ndoo. Harusi tatu katika msimu mmoja hazitaingia katika 1,700, hilo ujue tangu sasa, na utachangia kwa kadiri. Anayekupenda atakula biriani yake na 500 yako bila kukasirika.

Zile 13,500 za chakula usipewe kwa mkupuo. Zigawe kwa juma, 3,100 kila Jumamosi au siku yako ya soko. Ukikosea juma moja, umekosea juma moja tu.

Sasa tukifuate chungu kwa mwaka, uone kama kitafika ng'ambo. Disemba mpaka Machi kila mwezi inabaki 25,000, kwa hiyo 100,000. Januari kuna karo. Shule za bweni hugawa karo ya mwaka kwa 50, 30 na 20 kwa mia: nusu muhula wa kwanza, kisha inapungua. Kwa mtoto wako ni 20,268 Januari, 12,161 muhula wa pili, 8,107 wa tatu. Tazama jinsi mambo yalivyopangika: nusu nzito imeangukia kaskazi, wakati mnazo. Kinachowaua ni ile 12,161, maana muhula wa pili hufunguliwa mwisho wa Aprili, kusi limeshaingia. Naamini ndiyo hiyo iliyokumaliza kabla ya usiku wa mita, ingawa hukuitaja.

Toa 20,268. Toa 6,000 za SHA. Hizi lipa Disemba, wala usinivutie maneno. Tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyoshika nafasi ya bima ya zamani, NHIF, na asiye na mshahara hupimwa hali yake, akatozwa asilimia 2.75 ya pato alilokadiriwa, isipungue 300 kwa mwezi. Ninyi mmekadiriwa 500. Mume anashinda baharini, nyumba ina bibi mzee na watoto watatu. Siku ya kulazwa mtu haikungoji ulipe mwaka. Toa pia 6,500 za mkopo wa simu. Zinabaki 67,232.

Aprili, Mei na Juni nyumba yataka 75,000, bahari italeta 27,000. Pengo ni 48,000. Weka juu yake karo ya muhula wa pili, 12,161. Yote 60,161. Ulikuwa na 67,232. Umevuka kusi na elfu saba mkononi. Julai mpaka Oktoba unaongeza 12,000, unalipa 8,107 za muhula wa tatu. Novemba unakopa 5,000 kwenye chungu chenu wenyewe, pasipo kukatwa na mtu. Mnafika kaskazi nyingine na karibu 6,000. Si utajiri. Lakini Mei haikukukuta kwenye ngazi.

Chungu chenyewe kikae wapi? Popote isipokuwa kwenye simu yako, madhali ile simu inadaiwa. Wewe mwenyewe umesema, ikiingia inakatwa. Fungueni akaunti ya benki isiyo na riba. Zipo, na mabenki mengine ya kawaida nayo yana dirisha la Kiislamu. Iwe ya majina mawili, kutoa kwake kutake sahihi mbili. Nahodha akitaka kuchukua 10,000 Februari kwa sababu rafiki yake anauza mashine ya boti kwa bei rahisi, basi mtatembea wote mpaka benki, na katika mwendo ule wa Usita wa Mui, njia kuu ya mji wenu, jua la saa sita, watu wengi hubadili mawazo.

Kuhusu mkopo wa simu. Kama ni riba au si riba, muulize shehe wako, mimi si mtu wa kutoa fatwa. Mimi nakwambia la hesabu: mkopo huo hukata mara mbili, mara ya kwanza unapouchukua, kisha kila siku unapolala nao. Deni la duka halikui usiku. Kwa hiyo, ingawa lile la duka ni kubwa zaidi na ndilo linalokutia haya kupita pale, la simu ndilo la kulipwa mwanzo, lote kwa siku moja, katika pesa za kwanza za Disemba. Ukishalipa, zima ile huduma. Usiiache "kwa dharura". Ukiiacha, kila kitu kitakuwa dharura.

Tuje kwenye mchezo, maana hapa ndipo nilipotaka kukushika sikio. Watu 12, 3,000 kila mtu, 36,000. Wewe umechukua zamu ya Januari! Mke wa nahodha, Januari! Mwezi ambao nyumba imejaa pesa, ukaongeza pesa juu ya pesa, sharti zigeuke makochi. Duru mpya ikianza, nenda kwa mwenye kushika daftari la mchezo kabla kura haijapigwa, umwombe Mei. Wake wa walimu na wa wafanyakazi wa kaunti wote watang'ang'ania Januari kwa ajili ya karo, na Disemba. Mei haina mwenyewe. Utaipata hata bila kubembeleza.

Na Mei ikija, 36,000 hizo zimeshagawiwa kabla hazijafika: 17,400 mwenye duka, 6,500 zirudi kwenye chungu mahali tulipozitoa kwa ajili ya simu, zinabaki 12,100. Idi kubwa mwaka 2026 yatarajiwa mwisho wa Mei. Basi zimejipangia wenyewe.

Ramadhani ya mwaka huo yaangukia Februari na Machi, mko katika neema, futari haitawasumbua. Lakini kumbuka inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2029 yatarajiwa kuanza katikati ya Januari, hapo itakutana uso kwa uso na karo ya muhula wa kwanza. Nakwambia mapema, kwa kuwa akina mama hupanga Ramadhani kama vile mwezi wake haujongei.

Mama mkwe. Hapa nenda polepole. Kwanza, usimpelekee daftari. Mwanamke wa umri wake, katika nyumba ya mumewe marehemu au aliyoachiwa na wazee wake, kukirimu wageni ndiyo heshima yake iliyobaki. Ukimwonyesha "tarehe 9 biskuti, tarehe 11 biskuti", umemvua nguo. Na kusema kweli, mkwe anayetuma mtoto dukani mara nyingi ni mkwe asiye na shilingi mkononi. Hana la kufanya isipokuwa kutuma. Basi mpe. Katika zile 3,100 za juma, toa 400, mwanawe ampelekee kwa mkono wake, wewe usionekane: "Mama, hizi za wageni wako." Kisha mume wako, si wewe, aende kwa mwenye duka amwambie kuanzia Disemba haandikwi mtu ila aliyekuja na karatasi yenye mwandiko wa mke wangu. Muuza duka atafurahi kuliko mnavyodhani. Amechoka kuwadai watu anaoswali nao safu moja.

Huenda mwezi wa kwanza mama atamaliza 400 siku ya Jumatatu. Sawa. Alhamisi akijiwa na mgeni, wewe chemsha chai ya tangawizi na kaimati kutoka jikoni, ulete kwa sinia nzuri. Mgeni hataona tofauti.

Na nahodha? Umeniandikia mistari miwili tu juu yake, na katika hiyo miwili nimeona jambo ambalo huenda wewe hulioni. Anatoa anapokuwa nazo, ananyamaza anapokosa. Anajua. Mwanamume anayekwenda kukaa barazani na wenzake saa ambayo unga umekwisha, anajua fika. Halafu wewe unaziba kwa pesa za barafu, kwa siri. Masurufu ni wajibu wake, pesa za barafu ni zako. Hilo hata kijana wa chuo analijua. Kusaidia ni ihsani yako, Mungu akulipe. Lakini ihsani ya kificho imemfanya aamini kwamba Mei 9,000 zinatosha. Zinatosha vipi, asiulize? Kwa sababu hajawahi kuziona zikipungua!

Mwambie. Sasa, Novemba, kabla pesa hazijaingia, kwa sababu pesa zikishaingia kila mtu huwa hasikii. Usimwambie usiku amechoka, wala mbele ya mama yake. Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mtandikie jamvi, weka karatasi moja mbele yake yenye ile hesabu ya miezi 12. Usianze na "umekuwa". Anza na 359,000. Mwache ajumlishe mwenyewe. Nahodha husoma nyota na maji kujaa na kupwa, tarakimu hazimtishi, na naamini hajawahi kuona mwaka wake mzima kwenye ukurasa mmoja. Akisema mshahara ni wa waajiriwa, yeye ni mtu wa bahari, muulize maji ya kunywa chomboni huyapima vipi safari ya siku nne: mnakunywa mapipa yote siku ya kwanza?

Makochi msiyauze. Yamekwisha kukaliwa.

Haya, friza.

Kila ukinunua tokeni, ujumbe unaokujia una namba 20 za kuingiza kwenye mita, na ukiendelea kusoma chini yake kuna uniti ulizopata, kisha vipande vipande vya mafuta, kodi na vinginevyo. Wengi husoma zile 20 wakafuta. Usifute. Tafuta ujumbe wa zamani, kabla hujaanza biashara ya barafu, uone 1,000 ilikupa uniti ngapi, kisha utazame za leo. Nakisia zamani ulipata kama 38, sasa kama 33. Ukiona hivyo hujaibiwa. Stima ya nyumbani Kenya ina ngazi tatu: mpaka uniti 30 kwa mwezi, kutoka hapo mpaka 100, na zaidi ya 100. Unapimwa kwa wastani wa miezi mitatu, na ukipanda ngazi ya juu, uniti zako zote hupanda bei, si zile za ziada peke yake.

Kwa 3,900 zako unatumia kama uniti 130. Friza la zamani lenye mfuniko wa juu hula kama uniti 2 kwa siku, sema 60 kwa mwezi. Bila hilo ungekuwa na 70, ngazi ya kati, na bili ya 1,840. Ndiyo maana nilikwambia andika 1,800. Friza lenyewe basi linakugharimu 1,800 nyingine kwa uniti zake, na karibu 280 juu, kwa sababu limezipandisha bei hata taa na feni. Jumla kama 2,100.

Rudi kwenye faida yako. 3,100, toa 2,100. Hupati 3,100 kwa mwezi, mwanangu, unapata 1,000, na hizo nyingine bili ya nyumba imekuwa ikikulipia kimyakimya. Kuanzia Disemba, barafu ijilipie stima yake. Weka kopo kando ya friza; 2,100 za kwanza za kila mwezi ni za tokeni, zinazofuata ni zako wewe, na hakuna ufa wa nyumba utakaozibwa nazo.

Kisha pandisha bei. Ya ukwaju iache 10, watoto wasikimbie. Ya mabungo uza 15, maana mabungo yana msimu, yana kazi ya kuyakamua, na mtu mzima anayeyatamani hatageuka kwa shilingi tano.

Na Juni, Julai na Agosti, zima. Kuna baridi ya kusi, nani anakunywa barafu? Ukiuza 8 kwa siku, ukiondoa sukari na mifuko hubaki na elfu moja, ilhali friza limekula elfu mbili. Unalipa ili ufanye kazi. Lizime, ila usitazamie bei ya uniti ishuke mwezi ule ule. Juni wastani wako bado utakuwa 110, kwa kuwa miezi miwili ya nyuma ilikuwa 130. Julai utateremka 90. Agosti ndipo utakapoona 1,000 imerudi kuleta 38.

Siku ya kulizima, liyeyushe lote, ulifute kwa maji ya siki, ulianike wazi mpaka mchana. Kisha ukifunga mfuniko uutilie kipande cha ubao pembeni, upitishe hewa. Friza likifungwa kabisa miezi mitatu kwa unyevu wetu huu wa pwani hushika uvundo, na Septemba utauza barafu za ukwaju zenye harufu ya godoro.

Somo